Waliocheka Isevya

1

Barua ya Tume ya Utamaduni na Staha ilimtaka Mwalimu Nyamizi aeleze, kwa maandishi na ndani ya siku kumi na nne, kwa nini alicheka kwa sekunde kumi na tisa.

Aliisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, amesimama mlangoni mwa ukumbi wangu wa filamu pale Isevya, Tabora, mkoba wa madaftari ya wanafunzi bado uko begani. Mimi nilikuwa nafagia maganda ya karanga. Nikaona hiyo ni kali. Nikacheka.

"Siwema, usicheke," akaniambia. "Nakuomba, shoga yangu. Usicheke."

"Sekunde kumi na tisa! Nani alishika saa?"

Alinyoosha kidole chini ya viti, palipo na ule ukanda, na hapo ndipo nilipoacha kufagia.

Ukanda wenyewe ni mwembamba kama mshipi wa suruali, umegandishwa chini ya kila kiti. Hausikii maneno. Unasikia mbavu. Lusajo, mhandisi aliyeubuni, alinieleza siku ile anaufunga, amelala chali sakafuni na bisibisi mdomoni: kicheko cha kweli huanzia tumboni, kuna ngozi nyembamba kati ya mapafu na tumbo inaruka, na inaruka kabla mdomo wenyewe haujapata habari. Mtu anaweza kuziba mdomo, anaweza kung'ata khanga, ukanda umeshampata. Kile kicheko cha adabu, cha kumchekea shemeji, hakina mruko huo, na ukanda unakipuuza.

"Kicheko cha kweli hakina nafasi ya kuogopa, Dada Siwema," alisema. "Ndiyo maana nakipenda."

Kifaa kizima akakiita Kipimacheko. Kilikuwa kwa faida yetu sisi wasanii, tujue utani upi umeingia na upi umeanguka. Na mimi, nisiwe mnafiki, nilikipenda kuliko hata yeye. Kila Jumatatu nilikuwa naletewa mchoro wa wiki, milima na mabonde, nikaubandika ukutani kama picha ya harusi. Nilipoambiwa kuwa milima ya Isevya ndiyo mirefu kuliko ya ukumbi wowote nchini, nilitembea mtaa mzima kuitangaza. Nani asingetembea?

Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Filamu inakuja na Kikorea chake au Kituruki chake, mimi nakaa na maiki pembeni ya skrini, nawasemea wote: mfalme, mtumishi, hata farasi. Mashine za kutafsiri zipo, siku hizi ziko hata kwenye miwani, na hazikosei neno. Lakini mashine haijui kwamba Fundi Hamduni wa cherehani ameachwa na mke wiki iliyopita. Mimi najua. Kwa hiyo mpiganaji akiachwa na mchumba wake kule milimani, mimi namfanya aseme, "Basi nitashona suruali zangu mwenyewe," na ukumbi unaanguka, na Hamduni mwenyewe anacheka mpaka anapiga kiti cha jirani. Watu wa Isevya hawaji kuona filamu. Wanakuja kujiona ndani yake.

Filamu iliyomponza Nyamizi ilikuwa ya mfalme fulani aliyejenga daraja la fahari mahali pasipo na mto, akaamuru mto uhamishwe umfuate. Wiki mbili kabla yake, Mkuu wa Kanda yetu alikuja Isevya kuzindua mradi wa maji. Akakata utepe, akafungua bomba, bomba likakohoa upepo. Akatuambia tusiwe na wasiwasi, maji yako njiani. Sasa mfalme yule wa Kikorea alipopanda juu ya daraja lake na kunyanyua mikono, ungekuwa wewe ungemfanya asemeje? Mimi nilimfanya aseme: "Ndugu wananchi, mto uko njiani! Umepanda treni ya abiria. Jana umelala Itigi!"

Mlima wa siku ile haukuenea kwenye karatasi.

2

"Lakini viti vina namba tu," nikamwambia Nyamizi. "Lusajo aliapa. Hakuna majina."

"Jina langu limeandikwa hapa, Siwema. Na jina la baba."

Tukampigia Lusajo. Huyu kijana tumemuona tangu anavaa kaptula, mtoto wa stesheni masta, kabla hajaenda chuoni Mbeya akarudi na akili za kutisha. Alikuja mchana ule ule, shati limetoka nje ya suruali, akafungua kishikwambi chake juu ya kiti cha mbele. Alikuwa bado ana ufunguo wa kumbukumbu za kifaa, ingawa kifaa chenyewe kilikuwa kimeshachukuliwa na Tume ya Utamaduni na Staha. Sheria ilipita mwaka mmoja nyuma: kumbi zote zenye kibali zifunge ukanda, na kumbukumbu ziende kwenye Tume, kwa ajili ya kukuza sanaa. Tulipiga makofi siku ile. Mimi nilipiga vigelegele.

"Ili kujua utani gani umechekesha," Lusajo akasema, "lazima kicheko kilinganishwe na maneno. Kwa hiyo maiki yako nayo inarekodiwa. Nilijua huwa unasalimia watu wakiingia, kwa hiyo nilikata yote ya kabla ya filamu. Nilikata hata kukohoa."

Akabonyeza. Sauti yangu ikajaa ukumbi mtupu.

"'Nileteeni mbao!' anasema mfalme. 'Mbao za daraja, haraka!' Eeeh, karibu Mwalimu Nyamizi, leo umechelewa, madaftari yatakuua. Kiti chako kile karibu na feni. Kitwana, kunja miguu hiyo mirefu umpishe mwalimu. 'Mbao, nimesema!'"

Akazima.

"Katikati ya filamu, dada?" Lusajo akauliza taratibu.

"Sasa mtu aingie nisimsalimie? Nimelelewa wapi mimi?"

"Kila siku?"

"Kila mtu."

Akakaa. Akajishika kichwa kwa mikono miwili, na nilimwona anapiga hesabu: siku ngapi, watu wangapi, viti vingapi. Kifaa chake alikitengeneza kisijue jina la mtu, na kweli hakikujua. Ni mimi niliyekuwa nakiambia, kwa upole, jioni baada ya jioni, nani kakaa wapi. Nilifanya hivyo kwa sababu mtu akiitwa jina lake kwenye maiki anakaa vizuri zaidi, anajiona wa maana, na kesho anakuja na jirani yake. Ukumbi uliojaa hujazwa hivyo. Mimi sikuwa na siri nyingine ya biashara.

"Nilidhani wanataka kujua filamu zipi zitengenezwe," Lusajo akasema. "Ndivyo walivyoniambia. Walikuja na keki."

"Na sisi tulikula hiyo keki," nikamwambia. "Usijibebeshe peke yako."

Nyamizi alikuwa amekaa kwenye kiti chake kile kile karibu na feni. Ni mwalimu wa hisabati, mtu wa mambo kufuatana. "Nipeni njia," akasema. "Kama ipo."

Njia ilikuwepo, na ilikuwa moja. Sheria ile ile iliyochukua kifaa ilisema sauti iliyorekodiwa si shahidi. Mwenye sauti sharti aje athibitishe kwa kinywa chake kwamba aliyetajwa ndiye aliyekaa. Mimi nilikuwa nimeshaitwa, Alhamisi, saa nne asubuhi.

"Sema majina ni sehemu ya maonyesho," Lusajo akasema. "Huwa unayabandika tu, kama unavyombandikia farasi maneno. Leo Nyamizi, kesho Nyamizi mwingine, wala humtazami aliyeingia. Ukisema hivyo, kumbukumbu zote za huu ukumbi zinabaki namba. Si za mwalimu peke yake. Za kila mtu."

"Miaka ishirini na mbili sijakosea jina la mtu."

"Basi kosea siku moja, dada."

Nyamizi akanishika mkono. Vidole vyake vina chaki siku zote, hata Jumapili. "Wakinifukuza, leseni ya ualimu nayo inakwenda," akasema. "Shule nyingine yoyote itanikataa. Mimi sijui kitu kingine, Siwema. Sijui kuuza hata maandazi, nitawapa watu chenji kubwa kwa huruma."

Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa jina la mama yangu, na nilikuwa namaanisha.

3

Ofisi ya Tume ilikuwa ghorofani, karibu na stesheni, ina zulia jekundu na harufu ya rangi mpya. Nilivaa gauni la kitenge la heshima, nikajifunza uongo wangu njia nzima kama mtoto anayetumwa dukani. Katibu wa Tume, Bwana Mtawali, alinipokea mlangoni mwenyewe. Mtu mnene, mchangamfu, kicheko chake kiko karibu. Kwenye kona alikaa dada mmoja wa kuandika, kucha ndefu za zambarau, vidole juu ya kibodi.

"Siwema mwenyewe! Mke wangu atakufa akisikia nilikaa na wewe. Karibu, mama, karibu."

Akaniuliza swali lake kwa adabu, nami nikalijibu kama tulivyopanga. Majina ni maonyesho tu, mheshimiwa. Naita jina lolote linalonijia. Ukumbi una giza, naona wapi sura ya mtu?

"Nilijua!" Akapiga meza. "Niliwaambia wenzangu, yule ni msanii, msanii huongeza chumvi. Basi, mama, yamekwisha." Akafunga faili, akalisukuma pembeni. "Chai? Tuna asali ya Sikonge, ile yenyewe."

Ningeondoka. Ningesema nina wageni, nina jiko linaungua, ningesema chochote. Lakini yamekwisha, si kasema? Nikakaa, nikapokea kikombe, na ilikuwa asali yenyewe kweli.

Tukaanza na filamu. Anazijua, yule mtu. Anajua nani wa Uturuki kaachana na nani, nani wa Seoul kabadilisha pua. Mimi ni nani nikatae maongezi kama hayo asubuhi ya Alhamisi? Tukacheka, nikaongezewa kikombe. Kutoka Uturuki tukarudi nyumbani, wala sikuona tulipovuka.

"Isevya pamechangamka siku hizi, nasikia," akasema. "Yule fundi cherehani, Hamduni, si kamwoa yule nesi? Gaudensia?"

"Nani?" Nikaweka kikombe chini. Mtu akikosea umbea mbele yangu huwa naumwa. "Hamduni na Gaudensia? Weee! Hamduni mkewe karudi tangu juzi, kaja na godoro lake. Gaudensia ana mambo yake na Kitwana wa reli. Unadhani kwa nini nesi anang'ang'ania kiti cha nyuma ya nguzo? Asionekane akimtazama!"

"Kumbe! Mimi nilidhani Kitwana ni yule anayekaa mbele kabisa."

"Mbele anakaa Mzee Kondo, macho yake mabovu, usipomweka mbele anauliza kila dakika nani kafa. Kitwana miguu mirefu, atakaa wapi zaidi ya pale kwenye feni? Kiti cha pili. Pembeni ya..."

Nikanyamaza.

Yule dada wa kucha za zambarau alikuwa ameacha kuandika. Sikuwa nimesikia kuwa alikuwa anaandika. Nilisikia alipoacha.

"Pembeni ya nani, mama?" Bwana Mtawali akauliza. Hakuwa na haraka. Alikuwa anakoroga chai.

Hapo nimerudi kichwani mara nyingi kuliko mtu anavyokwenda msikitini Ijumaa. Watu wakiniuliza nasema nilinaswa, na ni kweli, nilinaswa, kama kuku kwa punje. Lakini kunaswa kuliishia pale kwenye ule ukimya. Baada ya pale nilikuwa na akili zangu zote.

"Nikusaidie," akasema. "Umekwisha kunipa Kondo, Kitwana na Gaudensia, kwa viti vyao. Kwa hiyo majina si ya kubandika. Huo ni uongo mbele ya Tume, na ukumbi wa mwongo unafungwa leo leo. Mimi sipendi kufunga kumbi. Nawaza wale watu watakwenda wapi jioni." Akanitazama kwa huruma, na nadhani huruma yenyewe ilikuwa ya kweli, ndicho kinachonitesa. "Ukithibitisha, ukumbi unabaki. Utani nao hatuushiki. Ulikuwa utani wa mfalme wa Kikorea. Tunachotaka ni kuelewana na wachekaji."

Niliona mambo matatu kwa wakati mmoja. Niliona kufuli kwenye mlango wangu. Nikamwona Nyamizi na vidole vyake vya chaki. Na nikaona njia nyingine, yangu mwenyewe, ambayo Lusajo na digrii zake hakuiwaza. Nikaiona nzuri sana. Ukumbi wangu ulijaa siku ile. Watu sitini na wawili walicheka. Kama kosa ni la mmoja, mmoja atafukuzwa. Lakini kama ni la mtaa mzima, watafanya nini? Watafukuza mtaa? Watamfukuza nesi, mtu wa reli, fundi, imamu msaidizi? Nilijiambia wingi utamficha Nyamizi kama ulivyowaficha watu siku zote. Nilijiambia hivyo haraka haraka, kwa sababu sehemu nyingine ya kichwa ilikuwa inajua kuwa maneno hayo hayo ndiyo yatakayoacha mlango wangu wazi.

"Pembeni ya Kitwana ni Mwalimu Nyamizi," nikasema. "Na alicheka. Lakini wote walicheka, mheshimiwa, ukumbi mzima. Mtamwonea mmoja? Naweza kuwataja."

"Nitashukuru sana," akasema Bwana Mtawali, akamwashiria yule dada.

Niliwataja kwa safu, kuanzia mbele. Sikukosea hata mmoja.

4

Barua sitini na moja ziliingia Isevya Jumatatu iliyofuata. Hakuna aliyefungwa. Ningependa kusema walifungwa, ingekuwa hadithi kubwa, wangekuja waandishi wa habari. Yalikuwa mambo madogo madogo. Kitwana alihamishiwa stesheni ya porini ambayo treni haisimami. Gaudensia alifutwa kwenye orodha ya waliokuwa wapandishwe cheo. Hamduni alinyimwa zabuni ya sare za shule ambayo alikuwa ameshaishonea nusu. Imamu msaidizi aliambiwa apumzike. Kila mmoja alipewa kidonda kinachomtosha yeye, kilichopimwa, na kila mmoja aliona haya kumuuliza mwenzake cha kwake kina ukubwa gani. Wingi haukumficha mtu. Uliwapa kazi ya ziada tu watu wa kuandika barua.

Nyamizi aliondolewa kazini Jumatano. Alitakiwa arudishe madaftari ya wanafunzi kabla hajamaliza kuyasahihisha.

Ukumbi ulibaki wazi, kama Bwana Mtawali alivyoahidi. Yule mtu hakunidanganya neno hata moja. Na watu waliendelea kuja, kwa sababu mtu aliyeacha kuja ghafla naye alionekana, kiti kitupu kinasema. Wakakaa kwenye viti vyao vile vile. Mimi nikaacha kusalimia. Walikuwa wanaingia mmoja mmoja kimya, kama wanaokwenda kutazama maiti, na nikapiga utani wangu, na ukumbi ukanitazama.

Nilidhani wamenisusia. Nikamfuata Hamduni siku moja kwenye cherehani yake, nikamwambia, fundi, nitukane basi, nipige hata kofi, lakini msininyime kicheko, mnaniua.

"Hatujakususia, Siwema," akasema, akiwa bado anakanyaga cherehani. "Unachekesha bado. Ndiyo shida. Mdomo ningeuziba, lakini kile kidude kinasikia tumbo. Kwa hiyo nikiona utani unakuja, nawaza jeneza la mama. Naliangalia linavyoshushwa. Ukipita, narudi kwenye filamu."

"Kila utani?"

"Unao mwingi, wewe."

Akakata uzi kwa meno. "Mke wangu anawaza ile mimba yetu iliyotoka," akasema. "Mzee Kondo hajatuambia anawaza nini."

Nilirudi nikakaa kwenye ukumbi mtupu. Mchoro wa wiki ile ulikuwa umeshafika: mstari umelala, toka Jumatatu mpaka Jumapili. Chini yake Tume ilikuwa imeandika pongezi. Isevya ilikuwa ya kwanza nchini tena, safari hii kwa staha.

Lusajo alijaribu kuzing'oa zile kanda za chini ya viti. Alikuja na bisibisi yake, akang'oa mmoja, wa kiti cha karibu na feni, kisha walinzi wa kata wakamtoa nje kwa mkono. Siku hizi anatengeneza pampu za visima huko Nzega. Kifaa chake kimefika nchi tatu. Aliniambia kwa simu kwamba jina lake wamelifuta kwenye hati, na kwamba hicho ndicho kitu pekee walichomfanyia akashukuru.

5

Miezi mitano ilipita kabla sijapata uso wa kwenda kwa Nyamizi. Alikuwa amehamia kwa kaka yake Urambo, kwenye tumbaku. Nilimkuta nyuma ya nyumba saa tano asubuhi, amekaa kwenye kigoda, anapanga majani makavu kwa madaraja: ya rangi ya dhahabu huku, yenye madoa kule, yaliyochanika nyuma yake. Vidole vyake vilikuwa vya kahawia mpaka kwenye kucha.

"Umekuja na sukari," akasema, akiutazama mfuko wangu. "Kama kwenye msiba."

"Nilikosa cha kubeba."

"Kaa. Usikalie daraja la kwanza, kaka atakuua."

Nikakaa chini. Nilikuwa nimetayarisha maneno, mengi, mazuri, ya kuomba radhi. Nilipofungua mdomo akanyanyua mkono.

"Hapana. Radhi baadaye. Mimi nataka kujua. Mle chumbani palikuwaje? Nimesikia kwa watu, kila mtu na yake. Mmoja anasema walikutisha na bunduki, mwingine anasema ulipewa gari. Wewe si ndiye mtafsiri? Nitafsirie."

"Nyamizi, jamani..."

"Nisimulie kama unavyosimulia. Wote. Usinirukie mtu."

Basi nikaanza. Kazi ikanishika, kama inavyonishika siku zote. Nikamleta Bwana Mtawali na tumbo lake likitangulia mlangoni, nikampa sauti ya puani, ya mtu anayeongea huku anameza. Nikamleta yule dada, kucha zake zikitembea juu ya kibodi kama kuku juu ya bati. Nikaonja ile chai. Nikamfanya katibu aeleze habari za pua ya Seoul, akiigusa yake kubwa kwa wasiwasi. Nyamizi alikuwa anatazama majani yake, midomo ameibana, mabega yanaanza. Alijitahidi, nakwambia. Nilipofika kwenye "Weee! Kaja na godoro lake!" kicheko kikamtoka, kile chenyewe, kinachoanza kama mtu anapaliwa na kumalizika kwa mluzi. Miezi mitano sikuwa nimesikia mtu akicheka mbele yangu. Karibu nilie. Nikaongeza mbwembwe, nikamrudisha Mzee Kondo anauliza nani kafa, akacheka tena, akanipiga begani kwa jani la tumbaku, na kwa dakika moja nilidhani nimesamehewa.

Akafuta macho kwa nyuma ya kiganja. "Haya," akasema. "'Pembeni ya nani, mama?' Na wewe ukasemaje?"

Nimewasemea wafalme. Nimewasemea majambazi, malaika, mtoto mchanga ndani ya tumbo. Nikatafuta sauti ya yule mwanamke wa gauni la kitenge mwenye kikombe mkononi, nimpe hata ya kutetemeka, hata ya ukorofi, nikakosa. Nikasema hivyo hivyo, kavu, kama mtu anayeulizwa namba ya nyumba.

"'Pembeni ya Kitwana ni Mwalimu Nyamizi. Na alicheka. Lakini wote walicheka. Naweza kuwataja.'"

Alisubiri. Nadhani alitegemea kwamba kuna kinachofuata: kwamba nililia, kwamba mtu alinishika mkono, kwamba nilijaribu kurudisha neno. Kaka yake alipita na toroli, akatusalimia, hatukumjibu.

"Halafu?"

"Halafu nikawataja."

"Ni hivyo tu?"

Ningeweza kuongeza. Mtu wa kazi yangu hakosi cha kuongeza.

"Ni hivyo tu," nikasema.

Nyamizi akaitikia kwa kichwa taratibu, kama alivyokuwa akifanya darasani mwanafunzi anapoleta jibu ambalo hakulitarajia na hesabu yake yote iko sawa. Kisha akavuta fungu jingine la majani, akalifungua kamba, akaanza upya: la dhahabu huku, la madoa kule.